Usimwite Usiyemjua

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Walinena kweli tupu, lakini hawakutuambia jina hilo likiitwa humo gizani nani ataitika. Mpenzi msomaji, huenda ukashangaa kukuta makala ya kompyuta katika jarida la Chama cha Kiswahili. Usishangae! Jambo ninalotaka kulizungumzia leo ni majina na kuita, na hayo yalikuwa mali ya lugha hata kabla hayajawa mali ya mashine.

Swali lenyewe ndilo hili: je, ni vyema mwandishi wa programu aiite fankisheni kwa jina lililohifadhiwa ndani ya kigeu? Kati yetu tunaosoma Somo la Kompyuta pamezuka makundi mawili. Kundi la kwanza linasema huo ni ujanja mtamu na kila mtu autumie. La pili linasema hiyo ni hatari tupu, ipigwe marufuku kabisa. Mimi sipo huku wala kule. Msimamo wangu ni kwamba njia hii iruhusiwe na ifunzwe, lakini jina linaloitwa litoke katika orodha tuliyoiandika sisi wenyewe, asilani lisitoke kinywani mwa mgeni. Nitajitahidi kueleza kwa nini, hata wewe usiyewahi kugusa kibodi unielewe.

Kwanza, fankisheni ni nini? Ni kipande cha programu chenye jina na kazi yake maalumu. Kifananishe na wafanyakazi wa shule. Yuko mpishi, yuko bawabu, yuko mwenye funguo za stoo. Kila mmoja ukimwita kwa jina lake, anakuja, anafanya kazi yake, kisha anarudi alikotoka. Katika lugha nyingi za programu kumwita ni kuandika jina lake na kulifuatisha mabano mawili, hivi: piga_kengele(). Hayo mabano ndiyo wito wenyewe. Bila mabano umetaja tu, hujaita.

Kigeu nacho ni kijisanduku chenye jina, ambacho ndani yake unatia kitu: nambari, au neno, au sentensi. Leo unatia hiki, kesho unatoa na kutia kile. Jina la sanduku halibadiliki, kilichomo ndicho kinachobadilika.

Sasa viunganishe hivi viwili. Sheria ya shule inasema kwamba mwanafunzi akiugua usiku apelekwe kwa mwalimu wa zamu. Sheria hiyo haimtaji mtu kwa jina, si ndiyo? Ubao wa matangazo ndio unaotaja. Wiki hii ni Bwana fulani, wiki ijayo ni Bi. fulani. Hakuna haja ya mwalimu mkuu kuandika sheria mpya kila Jumatatu, kwani ubao peke yake watosha. Basi kigeu ni ubao, jina lililoandikwa juu yake ni jina la fankisheni, na mgonjwa anapopelekwa, huo ndio wito. Hicho ndicho wataalamu wanachokiita kuita fankisheni kwa jina la kigeu.

Katika PHP, lugha ya skripti ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa hadharani mwaka 1995, mambo ni mepesi ajabu:

$zamu = "piga_kengele";
$zamu();

PHP ikiona kigeu kimefuatwa na mabano, husoma neno lililo ndani ya kigeu, hutafuta fankisheni yenye jina hilo, na huiita. Isipoipata, programu husimama papo hapo na kulalamika kwamba fankisheni hiyo haijulikani. Visual Basic nayo, ambayo wengi wetu tumeisikia kwa ajili ya mradi wa karatasi ya tatu, ina chombo chake kiitwacho CallByName. Python na JavaScript zina desturi tofauti kidogo. Kwao fankisheni yenyewe ni kitu kama nambari au neno, waweza kuitia ndani ya kigeu mzimamzima bila kupitia jina lake. Njia ni nyingi lakini mwendo ni mmoja: anayeitwa hajulikani mpaka saa ya kuita ifike.

Sasa faida iko wapi? Hebu tuchukue mfano wa kubuni wa hapa kwetu. Tsavo ndiyo makao ya ndovu wengi kuliko mahali pengine popote nchini, nasi wa Voi, Sagalla, Mwatate na kwingineko tunajua maana yake mahindi yanapokaribia kukomaa. Huko Sagalla wakulima wamejengewa nyua za mizinga ya nyuki chini ya mradi wa shirika la Save the Elephants, kwa sababu ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, humwogopa nyuki. Sasa tuseme wanafunzi wa shule yetu wanataka kutengeneza huduma ya simu ya kumsaidia mkulima kupiga ripoti usiku wa manane. Mkulima huyo hana simu ya bei mbaya, ana ile ya mulika mwizi tu. Basi tutatumia USSD, yaani zile nambari zinazoanza kwa nyota na kumalizia kwa reli, kama vile *334# ya M-Pesa. Haihitaji intaneti upande wa mkulima. Menyu itakuwa hivi:

1. Ripoti ndovu shambani
2. Ripoti ua uliovunjika
3. Soma habari za fidia

Hiyo ya tatu si mapambo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inampa mkulima haki ya kudai fidia, na wengi hawajui waanzie wapi.

Kazi yenyewe huendaje? Kampuni ya Africa's Talking ya Nairobi huwaunganisha waandishi wa programu na mitandao ya simu. Mkulima anapobonyeza, seva yako inapokea mambo kadhaa, yakiwemo utambulisho wa mazungumzo, nambari ya huduma, nambari ya simu ya mpigaji, na maandishi ya majibu yake. Akibonyeza 1 halafu 2, maandishi yanakufikia yakiwa 1*2. Wewe unajibu kwa neno CON kama mazungumzo yanaendelea, au END kama yamekwisha. Mambo yenyewe ndiyo hayo tu.

Mwanafunzi anayeanza ataandika: kama jibu ni 1 fanya hivi, kama ni 2 fanya vile, kama ni 1*1 fanya hivi, kama ni 1*2 fanya vile. Menyu ya mambo matatu haina taabu. Lakini menyu ikifika mambo 30, hizo "kama" zinakuwa ndefu kama treni ya mizigo ipitayo Voi, unaanza kuihesabu mabehewa na chai yako inapoa. Kila ukiongeza jambo moja, lazima uingie katikati ya treni na kufungua mabehewa. Ndipo njia ya kuita kwa jina inapotukomboa:

$orodha = [
  "1" => "ripoti_ndovu",
  "2" => "ripoti_ua",
  "3" => "soma_fidia"
];

if (isset($orodha[$jibu])) {
  $orodha[$jibu]();
} else {
  jibu_si_sahihi();
}

Itazame vizuri. Mkulima ametuma 1. Programu inaangalia kwenye orodha, inakuta neno ripoti_ndovu, inaliita. Ukitaka kuongeza jambo la nne, unaongeza mstari mmoja kwenye orodha na kuandika fankisheni yake. Huigusi sehemu nyingine hata kidogo. Wenzetu wa Python huita orodha ya namna hii kamusi, na mimi kama mwanachama wa chama hiki jina hilo nalipenda sana! Unatafuta neno upande wa kushoto, unapata maana upande wa kulia.

Hadi hapo kundi la kwanza wanapiga makofi. Subirini kidogo.

Mvivu atauliza, "Sasa orodha ya nini? Si mgeni atume jina lenyewe la fankisheni, nasi tuliite moja kwa moja?" Ataandika mistari miwili: ya kwanza ikichukua neno kutoka kwa anwani ya tovuti, ya pili ikiliita. Programu itafanya kazi, mwalimu ataipita, na kila mtu atafurahi. Jamani, huo ni sawa na kuuweka ubao wa zamu nje ya lango, kando ya barabara kuu ya Mombasa, pamoja na chaki. Mpita njia yeyote anaweza kufuta jina la mwalimu na kuandika "mwenye funguo za stoo". Na wanafunzi, kwa utiifu wao, watamwita.

Kwani PHP haina fankisheni zetu tu. Imezaliwa na mamia ya zake. Iko phpinfo, ambayo ikiitwa hata bila kupewa kitu chochote hutandaza hadharani habari za seva na mipangilio yake. Iko unlink, ambayo hufuta faili. Ziko system na exec, ambazo huamrisha kompyuta yenyewe itende jambo nje ya programu. Mgeni akituma neno phpinfo mahali ulipotarajia ripoti_ndovu, PHP haitamuuliza yeye ni nani. Jina limeitwa, mwenye jina anaitika.

Wako watakaosema, "Basi tutahakikisha kwanza kwamba fankisheni hiyo ipo." Kweli PHP ina function_exists ya kuulizia hivyo. La hasha, hiyo haitoshi! Kuuliza "Je, mtu huyu yupo shuleni?" si sawa na kuuliza "Je, mtu huyu yuko zamu?" Mwenye funguo za stoo yupo shuleni, tena ana mshahara. Lakini hayuko zamu usiku huu. Orodha yetu ndiyo peke yake inayojibu swali la pili, na swali la pili ndilo lenye maana.

Usidhani natia chumvi. Mnamo tarehe 28 Machi 2018 wenye Drupal walitoa tangazo la hatari kubwa. Drupal ni programu ya kutengenezea tovuti, imeandikwa kwa PHP, na wakati huo ilikuwa ikitumiwa na tovuti zaidi ya milioni 1 duniani, zikiwemo za serikali, vyuo na mashirika. Ndani ya fomu zake Drupal ina desturi ya kuweka majina ya fankisheni za kuitwa baada ya kazi fulani kuisha. Majina hayo hukaa chini ya vichwa vinavyoanza kwa alama ya reli. Wenyewe walikusudia kwamba vichwa hivyo viandikwe na waandishi wa programu tu. Kumbe mgeni naye aliweza kuvituma kupitia fomu, na Drupal ilivipokea kana kwamba ni vyake! Hivyo mdukuzi alituma jina exec pamoja na amri yake, na seva ikatii. Ndani ya majuma machache tovuti ambazo hazikuwa zimerekebishwa zilianza kuvamiwa, nyingine zikafanywa vibarua vya kuchimba sarafu za kidijitali kwa manufaa ya wezi. Dawa iliyotolewa ilikuwa rahisi: kila kichwa kinachoanza kwa reli kikitoka kwa mgeni, kitupwe. Kwa maneno mengine, chaki irudishwe ndani ya lango.

Tazama basi. Waliokumbwa na hayo si wanafunzi wa kidato, ni mabingwa wenye uzoefu wa miaka. Kama wao waliweza kupitiwa, sembuse mimi na wewe?

Hapa kundi la pili nao watapiga makofi na kusema, "Hatukuwaambia? Ipigwe marufuku!" Nao pia nawaomba wasubiri, kwani dawa ya mchuzi kumwagika si kuvunja sufuria. Programu nyingi tunazojivunia zisingekuwapo bila kuita kwa jina. Chukua Ushahidi, programu iliyozaliwa hapa Kenya Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, watu walipokuwa wakihitaji mahali pa kutuma habari za yaliyowapata ili zionekane kwenye ramani. Jina lake ni neno letu la Kiswahili sanifu, na limefika mbali. Mwaka 2010 tetemeko la ardhi lilipoikumba Haiti, programu hiyo ilitumika kule pia. Ushahidi iliandikwa kwa PHP na kujengwa juu ya msingi uitwao Kohana. Katika Kohana, anwani ya tovuti ndiyo inayotaja fankisheni ya kuitwa. Anwani yenye reports/view/12 humaanisha: nenda idara ya ripoti, mwite mwenye kazi ya kuonyesha, mpe nambari 12. Huko ndiko kuita kwa jina, tena jina linatoka kwa mgeni!

Sasa mbona haikuwa sawa na ule ubao wa barabarani? Kwa sababu Kohana iliweka mipaka. Mgeni hakuweza kuita chochote duniani, bali kazi zilizo ndani ya idara ile tu. Na kazi za ndani, zile zisizomhusu mgeni, majina yake yalianzishwa kwa kistari cha chini, na Kohana ilikataa kuziita kutoka kwenye anwani. Matoleo ya baadaye yaliongeza ukali: kila kazi ya mgeni lazima jina lake lianze kwa action na kistari, na mfumo wenyewe ndio unaobandika kiambishi hicho. Mgeni akitamka neno lolote, neno hilo linavikwa kiambishi kwanza kabla ya kuitwa. Wanafunzi wenzangu wa sarufi, mmeona? Kiambishi awali kimegeuka kuwa bawabu.

Njia hiyo twaweza kuitumia hata sisi. Turudi kwa mkulima wetu. Katika kaunti hii wako wanaozungumza Kidawida, wako wa Kisagalla, wako wa Kitaveta. Huduma yetu ingependeza kama ingemsalimu kila mmoja kwa lugha yake. Tungeandika salamu_kidawida, salamu_kisagalla, salamu_kitaveta na salamu_kiswahili, kisha tuunganishe "salamu_" na lugha aliyoichagua. Mtu mjanja akituma neno system mahali pa lugha, programu itatafuta salamu_system, haitaipata, na huo ndio mwisho wa ujanja wake. Hata hivyo mimi bado ningeweka orodha. Kiambishi ni ua wa miti, orodha ni ukuta.

Iko hasara nyingine isiyosemwa sana, nayo si ya wezi bali ni ya sisi kwa sisi. Ukiita ripoti_ndovu waziwazi, mwenzako anayerithi kazi yako mwakani atatafuta neno hilo na kuona mahali pote linapoitwa. Lakini jina ukiliunda kwa vipande, kipande "ripoti_" hapa na kipande "ndovu" pale, atatafuta asione kitu. Ataamua kwamba fankisheni hiyo haina mwenyewe, ataifuta, na usiku ndovu watakapoingia shambani mkulima atabonyeza 1 na kupata ukimya. Vilevile ukikosea herufi moja ndani ya jina lililo kwenye kigeu, kihariri chako hakitakuonya, kwa sababu machoni pake hilo ni neno kama neno lingine. Kosa litangoja mpaka siku ya kuitwa. Ndiyo maana nashikilia kwamba majina yaandikwe kamili, tena mahali pamoja, palipo wazi, ambapo kila mtu atayaona. Isitoshe, kama machaguo yako ni mawili au matatu tu, achana na mambo haya, andika "kama" zako ulale usingizi.

Naomba sasa niguse jambo linaloihusu lugha yetu moja kwa moja. Kwa kuwa jina la fankisheni limekuwa neno la kuhifadhiwa, kusomwa na kuchapishwa katika kumbukumbu za seva, ni lugha ipi itumike? Wengi wetu tunaandika Kiingereza kwa mazoea, ati ndiyo lugha ya kompyuta. Mimi nasema tuandike Kiswahili, na sababu yangu si uzalendo pekee. PHP imekwisha kuchukua majina mengi ya Kiingereza kwa fankisheni zake: mail, date, count, copy, file, sort. Ukitaka kuiita yako mail, PHP itakataa. Lakini tuma, hesabu, nakili, panga, zote ziko huru zinakungoja. Majina yetu hayagongani na yake, na jina geni likipenya kwenye orodha linaonekana mara moja, kama punda katikati ya kundi la mbuzi. Kiswahili chetu pia kinaandikwa kwa herufi za kawaida, hivyo mashine haipati taabu kukisoma. Kikwazo ni kimoja tu, kile kikoma cha ng'. Mashine haikubali alama hiyo ndani ya jina, basi ng'ombe itabidi awe ngombe. Hiyo ni kodi ndogo, tuilipe.

Najua wako walimu watakaosema kwamba mtahini hatajua Kiswahili cha msimbo. Walimu wetu wapendwa, kwa heshima zote, maneno ya lugha yenyewe kama if na function yatabaki vilevile, na maelezo ya mradi yapo ya kumwongoza. Jina kama ripoti_ndovu linajieleza vizuri kuliko func1 na func2 tunazoziona kila mwaka.

Wengine watasema haya yote ni makubwa mno kwa wanafunzi wa sekondari, tungoje chuo kikuu. Sikubaliani nao. Serikali yetu iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari mwaka 2022. Watoto wadogo kuliko sisi watakuwa wakiandika Python. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kipo hapa hapa kwetu, nasi tukifika huko tutakabidhiwa kazi za watu halisi: pesa zao, namba zao za siri, matokeo yao ya hospitali, ripoti zao za usiku. Mtu akizoea kuacha chaki nje ya lango akiwa na miaka 16, hataacha akifika 26. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Mosi, somo la kuita kwa jina lifunzwe waziwazi, pamoja na hatari yake, badala ya kila mmoja kuliokota gizani. Pili, kila mradi wa shule unaotumia njia hii uwe na orodha iliyoandikwa mahali pamoja, na mwalimu aikague hiyo kwanza kabla ya rangi na mapambo ya skrini. Tatu, Chama cha Kiswahili na darasa la kompyuta vikae pamoja siku moja na kuandika kamusi ndogo ya vitenzi vya programu, ili atakayetaka kuandika fankisheni asikose jina.

Shime wanafunzi wenzangu! Mashine ni mtumishi mtiifu mno. Haiulizi anayeitwa ni nani wala ana kusudi gani. Kazi ya kuuliza ni yetu sisi tunaoandika orodha. Asiyekubaliana nami aje na hoja zake katika mkutano wa chama Ijumaa, na ubao utakuwepo. Chaki, hata hivyo, itashikwa na katibu. Nakomea hapo.